Jina la Sakarani

Chumbageni, Tanga

Kwa mpwa wangu Athumani,

Sisi hapa hatujambo wote, na mama yako alipita juzi kunisalimia, mguu wake umepoa na anatembea bila fimbo. Anasema kazi ya kutembeza wageni imekukubali. Nimefurahi mno.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema kila ukipandisha wageni kutoka Soni kwenda Sakharani, kwa wale watawa Wabenediktini, lazima atokee mmoja akuulize jina la mahali pale lina maana gani, nawe umezoea kumjibu kwamba ni jina la mtawa wa kwanza aliyefungua misheni, kwa kuwa ndivyo ulivyowakuta wenzako wakisema. Usiwaambie tena hivyo, mwanangu. Hakuna mtawa aliyeitwa hivyo. Nimeona nikuandikie barua kamili, maana habari hii ni ndefu na haifai kuandikwa kwa vidole kwenye simu ukiwa unasubiri gari.

Sakarani ni neno la Kiarabu, na maana yake ni mtu aliyelewa. Wenyewe husema *sakran*. Lugha yao ina umbo la maneno kwa mtu aliyejaa hali fulani mpaka juu: mwenye kiu ni *atshan*, mwenye hasira ni *ghadhban*, mvivu ni *kaslan*. Hata Rahmani unayeanza naye kila jambo katika bismillahi ni wa umbo hilo, aliyejaa rehema. Basi *sakran* ni aliyejaa ulevi kwa wakati ule. Sisi hatupendi konsonanti mbili zigongane, tunazitenganisha kwa irabu, na kama *shukran* ilivyokuwa shukurani kinywani mwetu, *sakran* ikawa sakarani. Hiyo "kh" iliyomo kwenye kibao huko juu ni mambo ya uandishi wa Wazungu tu.

Mzizi wa neno lenyewe una habari nzuri. Mabingwa wa zamani wa kamusi za Kiarabu waliuhusisha na kuziba: kuukinga mto kwa boma ili maji yasipite. Ulevi kwao ni kuzibwa kwa akili. Na mpaka leo ukiwa Beirut au Damascus mtu akakwambia *sakkir*, anakutaka ufunge mlango.

Neno hili lina ndugu wa kale, na hapa uwe mwangalifu, kwa sababu mgeni msomi anaweza kukuvuta upande usio wako. Wakazi wa Babeli ya zamani waliiita bia yao *shikaru*. Kwa Kiebrania kileo ni *shekhar* na mlevi ni *shikkor*. Wahabeshi, kwa Kiamhara, wanasema *sekkere*, amelewa. Hao wote hawakuazima kwa Waarabu. Ni watoto wa babu mmoja, kila mmoja akiwa na mji wake. La Kiebrania ndilo lililosafiri mbali kuliko yote: likaingia katika Kigiriki kama *sikera*, na ndilo lililomo katika Injili ya Luka, sura ya 1, malaika anapomwambia Zakaria kwamba mwanawe Yohana hatakunywa divai wala kileo. Kutoka hapo likaingia Kilatini, kisha Kifaransa, likaishia kuwa *cidre*, kinywaji cha tofaa ambacho hao wageni wako wanakijua vizuri. Mayahudi wa Ulaya nao walilichukua la kwao, *shiker*, likafika mpaka Australia, ambako mtu aliyelewa aliitwa *shickered*. Ukoo mkubwa huo. Ila sukari haimo! Najua utashawishika kuiingiza, herufi zinafanana mno, lakini sukari ilitoka Bara Hindi ikapitia Uajemi kabla ya kufika Arabuni, na haina damu na ulevi.

Sasa turudi kwa Waarabu. Neno lao lilisafiri na dini kuliko lilivyosafiri na pombe. Limo ndani ya Kurani mara kadhaa. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 43, waumini wanakatazwa kuikaribia sala wakiwa katika hali hiyo. Katika Al-Hijr, aya ya 72, linatajwa kwa kaumu ya Lut, waliopofuka kwa matamanio yao. Lakini kuna aya mbili zilizoliondoa kabisa kwenye kikombe. Aya ya 2 ya Sura ya Al-Hajj inaeleza Siku ya Kiyama: utawaona watu kama walevi, kumbe hawakunywa chochote, ni ukali wa adhabu. Na aya ya 19 ya Sura ya Qaf inataja *sakrat al-mawt*, ulevi wa mauti, kile kiwewe kinachomshika mtu roho inapotoka.

Hii ya mwisho ndiyo iliyoenea ulimwenguni. Waturuki wanasema *sekerat*. Wanaozungumza Kiurdu, kule Pakistani na India, wanasema *sakrat*. Ukienda Indonesia, ambako pombe ya Mwarabu haikuwahi kuwa na kazi, mgonjwa aliye mwishoni yuko katika *sakaratul maut*, na kila mtu anaelewa, msomi na asiyesoma. Jirani zetu Wasomali walilibeba pia kwa maana ya kawaida: mlevi wa barabarani kwao ni *sakhraan*. Sisi tunasema sakarati mauti.

Nadhani hukuwa umepata akili siku bibi yako alipofariki. Mama yako na mimi tulikuwa kitandani kwake tangu alasiri. Mama yako alichovya pamba kwenye kikombe cha maji, akawa anamlowesha midomo, tone kwa tone, kwa sababu midomo ilikuwa imekauka na yeye hakuweza tena kumeza. Macho yalikuwa wazi lakini hayakutuona. Mkono wa kulia ulikuwa ukishikashika shuka, ukiliachia, ukilishika tena. Jirani yetu mmoja, mtu mzima mwenye hekima, akaingia, akamtazama kidogo tu, akasema kwa sauti ya chini, "Ameingia sakarati, msomeeni Yasin." Hakuna aliyeuliza maana yake. Neno lile lilitupa kazi ya kufanya: huyu amsomee, yule amwelekeze kibla, mwingine awatoe watoto nje. Imepokewa katika hadithi kwamba Mtume mwenyewe, katika saa zake za mwisho, alikuwa akitia mikono katika maji na kujipangusa uso, akisema mauti yana sakarati zake. Tone lile la pamba lina asili, mwanangu.

Nimekueleza hayo ili uone jambo moja ambalo mimi naliona kubwa. Sisi watu wa pwani hatukuwa na haja ya neno la kigeni la ulevi. Tulikuwa na kulewa, neno la Kibantu, la kwetu kabisa. Tulikuwa na pombe, tulikuwa na tembo la mnazi, tulikuwa na mgema na methali yake. Mreno alituachia mvinyo, tukalipokea kwa kuwa kitu chenyewe kilikuwa kigeni. Hata lile neno jingine la Kiarabu, khamri, limebaki kwenye mawaidha ya Ijumaa, na nduguye akaingia jikoni: hamira unayotilia unga ni ya mzizi huo huo, na mahamri wanayoyala Mombasa kwa mbaazi za nazi ni ya mzizi huo huo pia, kwa sababu unga unaoumuka na juisi inayochacha ni kazi ya aina moja. Basi sakarani lilipofika hapa lilikuta kiti cha ulevi kimekwisha kukaliwa. Likatafuta pale ambapo kulewa kwetu hakukufika. Likakaa kwa anayekufa.

Likakaa pia kwa anayeua, na hapo ndipo tunapofika Sakharani.

Mwaka 1889 Wajerumani walipoanza vita vyao pwani, mkuu wao Hermann von Wissmann alikwenda Misri kuandika askari. Alileta Wasudani mia kadhaa, watu waliozoea jeshi na ambao lugha yao ya kila siku ilikuwa Kiarabu. Walikaa Bagamoyo, Pangani na hapa Tanga, pamoja na wapagazi wetu na askari wa makabila ya bara, wakila chungu kimoja. Katika kikosi kama kile neno *sakran* halikuhitaji msikiti. Msudani alilisema kambini kila jioni, na Mswahili aliyekuwa karibu yake alikwisha kulijua kwa njia ya chuo na ya msiba. Mimi naamini jina unaloulizwa lilizaliwa katika mchanganyiko huo wa watu.

Mwaka 1890 alifika huku ofisa kijana aliyeitwa Tom Prince. Alizaliwa Mauritius mwaka 1866, baba yake Mwingereza na mama yake Mjerumani, akasomeshwa uaskari Ujerumani. Januari 1893 alikwenda Unyanyembe kumpiga Mtemi Isike. Boma la Isike pale Tabora lilikuwa imara, kuta nene, nalo lilikwisha kuwashinda Wajerumani kabla yake. Prince aliliingia kwa nguvu. Isike alipoona limevunjwa, alijifungia katika ghala la baruti na kulilipua akiwa ndani. Mwaka uliofuata, Oktoba 1894, Prince alikuwa katika jeshi la Gavana von Schele lililobomoa ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, pale Kalenga. Mwaka 1896 alijenga kituo cha Iringa, akaendesha msako wa Mkwawa uliochoma vijiji na mashamba ya Wahehe kwa muda wa miaka miwili, mpaka Mkwawa alipojipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 kuliko kukamatwa. Kichwa chake walikikata wakakichukua. Kilirudi Kalenga mwaka 1954.

Huyo Prince ndiye watu waliyemwita Bwana Sakarani.

Watu hawakumwita hivyo kwa sababu ya chupa. Walimwona vitani, akitangulia mbele na kuingia pale ambapo mtu mwenye akili timamu husita, na waliona vilevile kilichobaki nyuma yake. Walitafuta neno la hali ile, ya mtu ambaye akili yake imezibwa na kitu kisichokuwa kinywaji, na neno lilikuwapo tayari. Walilijua kwa wafu wao.

Usidhani ni yeye peke yake. Babu zetu hawakuwa na magazeti wala mahakama ya kuwashtakia wakubwa wale, ila walikuwa na uwezo wa kuwapa majina, na majina yao yalikuwa na macho. Emil von Zelewski, yule aliyeuawa na Wahehe pale Lugalo Agosti 1891, walimwita Nyundo. Carl Peters, aliyewanyonga watu kule Kilimanjaro mpaka serikali yake yenyewe ikamfukuza kazi, aliitwa Mkono wa Damu. Ukiyaweka majina hayo matatu pamoja, Nyundo, Mkono wa Damu na Sakarani, unapata ushahidi wa watu waliokuwapo, umeandikwa na wasiojua kuandika, na hakuna aliyeweza kuufuta. Wajerumani wameandika vitabu vingi kuhusu miaka ile. Prince mwenyewe aliandika kumbukumbu zake za vita, zikachapishwa Berlin mwaka 1914, na mkewe Magdalene alikuwa amekwisha kutoa kitabu chake mwaka 1903 kuhusu maisha yao bara. Kurasa kwa kurasa. Mimi nalithamini lile neno moja kuliko kurasa zote hizo.

Na ajabu ni hii: mwenyewe alilipenda. Alipoacha jeshi alichukua ardhi huko Usambara, akalima, na shamba lake akaliita Sakkarani. Ndilo hilo. Mwaka 1907 mfalme wao alimpa daraja ya utukufu, akawa Tom von Prince. Nafikiri aliposikia jina lile aliona sifa ya ushujaa ndani yake, kwamba "wenyeji" wanamwogopa na kumstahi. Kuogopwa aliogopwa. Lakini askari anayemwita mkubwa wake mlevi wa vita, na mwanamke wa Kihehe anayelisikia jina hilo likikaribia kijiji, hawasemi kitu kimoja, na mwenye shamba alichagua kusikia upande mmoja tu. Hili linaniudhi mpaka leo kila nikipita barabara ya Lushoto nikaona kibao.

Kifo chake kilikuwa hapa hapa mjini kwetu. Novemba 1914 Waingereza walileta jeshi kutoka India, watu wapatao 8,000, wakashuka Tanga kuuteka mji. Wajerumani na askari wao walikuwa kama 1,000 tu chini ya kamanda wao von Lettow-Vorbeck, nao wakawashinda. Prince, akiwa na umri wa miaka 48, alirudi vitani na kuongoza walowezi waliojitolea, akapigwa risasi tarehe 4 Novemba katika mapigano ya mitaani. Walikufa Wahindi wengi siku ile, na askari wetu, na majina yao hayakupewa shamba.

Baadaye watawa wakaja kuishika ardhi ile, wakaacha jina lilivyo. Wanalima, wanapokea wageni, na wanatengeneza mvinyo. Hapo ndipo mgeni wako anapochekeshwa ukimwambia kwamba neno lina maana ya ulevi: anaona inafaa, mahali pa mvinyo paitwe hivyo. Usimkatishe furaha yake kwa ukali, ni mgeni, na watawa wale ni watu wema, hawakulichagua jina. Lakini usimwache hapo. Mwambie kwamba zabibu zilifika baada ya jina, na jina lilifika na bunduki.

Kuna jambo jingine dogo nilitaka kulitaja, kwa kuwa wewe ni mtu wa dhikri. Masufi nao wana neno hili. Ukisoma habari za mashekhe wa Baghdadi na Uajemi utakuta mjadala mrefu kati ya *sukr* na *sahw*, ulevi na kuzinduka. Abu Yazid al-Bistami alisifika kwa njia ya ulevi, yaani mja kupotewa na nafsi yake kwa kumpenda Mola; Junaid wa Baghdadi, aliyefariki mwaka 910, alisema kuzinduka ni daraja ya juu zaidi, kwa sababu aliyezinduka anaweza kuwahudumia wengine. Mimi ni wa upande wa Junaid. Lakini ona jinsi neno lilivyokubali mizigo: anayekata roho, anayemtaja Mola wake mpaka akasahau jina lake mwenyewe, na anayeteketeza kijiji. Kulewa kwetu hakukubebeshwa mizigo hiyo. Kumebaki na mgema na kilabu, na kwa kazi hiyo kunatosha.

Sasa, kuhusu utakachowaambia wageni. Usiwape yote haya kwa mara moja, watachoka na njia ina milima. Waambie ni neno la Kiarabu lililoingia Kiswahili, maana yake aliyelewa, na kwamba ni jina ambalo watu wa nchi hii walimpa ofisa wa Kijerumani kwa sababu ya alivyopigana, kisha yeye akalipa shamba lake. Mtaje Isike. Mtaje Mkwawa. Akitokea Mjerumani kati yao, mwambie vilevile unavyomwambia Mhispania, bila kuongeza wala kupunguza. Wengi wao wanapenda kuambiwa kweli, na asiyependa hutamwona tena.

Na nina ombi. Kabla ya Prince pale palikuwa na watu, na mahali penye watu hapakosi jina. Washambaa lazima walikuwa na jina la kilima kile na la kijito kinachopita chini yake. Wewe unakula na kulala na wazee wa huko, waulize, hasa akina mama waliozaliwa vijiji vya jirani, ambao huwa wanayajua majina ya visima na mashamba kuliko waume zao. Ukilipata, liandike kwa herufi zilizo wazi na uniandikie nami, pamoja na jina la ukoo wa aliyekwambia. Tungekuwa na majina mawili ya kuwatajia wageni.

Mama yako anasema usisahau sweta, kipupwe cha huko hakina mzaha. Shangazi yako anakusalimu, na mimi nakuombea dua kila baada ya sala.

Wassalaam,

Mjomba wako,
Hamisi